Vifaa janja viwandani Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye viwanda, mameneja wa uzalishaji na mafundi wa umeme wa Jinja, Namanve, Lugazi, Tororo, Mbarara na kwingineko. Maswali yamewekwa kama yanavyokuja watu wakiwa wamesimama kando ya mashine. Sisi kazi yetu ni kufunga mifumo hii, kwa hiyo tuna misimamo yetu, na hatukuificha.

Vifaa janja vya viwandani ni vitu gani hasa?

Ni vihisi, mita, vidhibiti na swichi zinazoweza kupeleka habari zao mtandaoni, na wakati mwingine kupokea amri. Kihisi cha joto ambacho zamani kiliwasha taa nyekundu kwenye paneli, basi, sasa kinaandika joto hilo kila dakika mahali ambapo fundi aliye Njeru na mwenye kiwanda aliye safarini Nairobi wanaweza kulisoma kwa pamoja. Wengi huuita mfumo huu mtandao wa vitu, jina lililoanza kutumiwa na Mwingereza Kevin Ashton mwaka 1999.

Mashine zetu zina PLC miaka yote. Kipya ni kipi?

PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine, si ngeni kabisa. Ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, General Motors ilipochoka na makabati yaliyojaa relei ambazo kila mabadiliko ya gari yalilazimu zifungwe upya waya kwa waya. Hata Modbus, lugha ambayo mita na vidhibiti vingi vinazungumza mpaka leo, ni ya mwaka 1979.

Kipya ni kwamba habari zinatoka nje ya mashine. PLC inajua mota imewaka mara ngapi, imepandisha joto kiasi gani na imekwama saa ngapi, lakini haimwambii mtu asiyesimama mbele yake, na ukizima na kuwasha, mengi inayasahau. Bei ya vihisi na redio imeshuka mno: kibao kidogo chenye prosesa na Wi-Fi, kama ESP32, kinauzwa kwa dola chache. Hicho si cha kufungwa kama kilivyo karibu na boila, lakini kinaonyesha kwamba gharama imehama. Zamani kifaa chenyewe ndicho kilichokuwa ghali. Leo ghali ni kazi ya kukifunga vizuri na nidhamu ya kukifuatilia.

Matokeo yake yanaonekana sehemu tatu. Matengenezo yanaacha kufuata kalenda na yanaanza kufuata hali ya mashine. Umeme unapimwa kwa kila mashine badala ya kusubiri ankara moja ya mwisho wa mwezi. Na hesabu ya uzalishaji inatoka kwenye mstari wenyewe, si kwenye kumbukumbu ya msimamizi wa zamu aliyechoka.

Kuna kiwanda Uganda ambacho kimeshaanza?

Huenda ni chako. Kama unatengeneza bia, soda, maji ya chupa au pombe kali, tangu Novemba 2019 mamlaka ya mapato, URA, ilipoanzisha stempu za kodi za kidijitali, kila chupa inayopita inahesabiwa na kupelekwa kwenye mfumo wa serikali. Ankara zako zinapita EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Mita kubwa ya umeme ya kiwanda husomwa kwa mbali bila mtu kuja getini.

Kwa hiyo viwanda vyetu vilikwisha kuunganishwa, ila vilianza kuunganishwa kwa faida ya mkusanya kodi na muuza umeme. Mwenye kiwanda bado anauliza kwa simu, "Leo tumetoa kreti ngapi?" na kujibiwa kwa makadirio. Hilo kwetu ni jambo la ajabu kidogo.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye daftari la usumbufu, usianzie dukani. Kwa miezi miwili au mitatu, kila mashine inaposimama andika saa iliyosimama, saa iliyorudi, na sababu kwa maneno ya aliyekuwepo. Sababu "umeme" peke yake haitoshi. Andika kama ulikatika mtaa mzima, kama breka ya kwenu ndiyo iliyoanguka, au kama fezi moja ilipotea.

Daftari hilo litakuonyesha mashine moja au mbili zinazokula muda kuliko nyingine zote. Hapo ndipo pa kuweka vihisi vya kwanza. Tumeona watu wakianza na dashibodi kubwa ya ukutani yenye rangi nyingi, wageni wanaipiga picha, na baada ya mwaka hakuna anayejua neno la siri la kuifungua.

Kabla ya kununua chochote, jibu swali moja: taarifa ikija saa nane usiku, nani ataipokea, na ana ruhusa ya kusimamisha mashine? Kama jibu ni "atampigia meneja asubuhi", pesa zako bado zina kazi nyingine.

Kwa nini mnasisitiza umeme kwanza?

Kwa sababu faida yake inahesabika haraka, na hakuna mashine inayoguswa. Mafundi wanafunga vihisi vya mkondo kuzunguka kebo za kila mashine kubwa, wanaviunganisha na mita ndogo, na kazi imekwisha. Mita kuu ya msambazaji usiiguse. Hiyo si yako.

Viwanda vya kati na vikubwa Uganda vinalipa umeme kwa bei inayobadilika kufuata saa. Saa ghali ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku. Saa nafuu ni kuanzia saa sita usiku hadi kumi na mbili alfajiri. Mchana uko katikati. ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, hupitia bei hizo kila robo mwaka, na tangu Aprili 2025 msambazaji ni UEDCL baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kumalizika, lakini mantiki ya saa imebaki ileile. Ukijua kila mashine inakula nini saa ngapi, unaweza kuuliza maswali ya maana: je, kinu cha kusagia lazima kifanye kazi saa mbili usiku, au kinaweza kungoja saa saba?

Kisha kuna malipo ya mzigo wa juu kabisa, yale yanayohesabiwa kwa kVA kwa wateja wakubwa. Hapa ndipo pesa zinapopotea kimyakimya. Umeme ukirudi baada ya kukatika, kila mtu anawasha kila kitu kwa mpigo: kompresa zinajaza matangi yaliyokwisha upepo, majokofu yanapambana na joto lililoingia, pampu zote zinakimbia. Kilele kimoja cha namna hiyo kinaweza kukaa kwenye ankara ya mwezi mzima. Mfumo rahisi unaowasha mashine kwa zamu, dakika chache baina ya moja na nyingine, unakiondoa.

Mfano tunaopenda kuutoa ni wa kompresa usiku. Mashine zote zimelala, walinzi wanakunywa chai, na grafu ya kompresa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama kuna zamu inafanya kazi. Hakuna zamu. Ni upepo unaovuja kwenye mipira, viungo na vali. Katika viwanda vingi duniani, asilimia 20 hadi 30 ya upepo unaozalishwa huishia hivyo. Tuseme kompresa ni ya kilowati 37 na usiku inafanya kazi kweli robo ya muda. Kwa saa nane ni uniti 74, kila usiku, kabla hujahesabu umeme inaokula ikizunguka bila mzigo. Zidisha kwa usiku 300. Dawa yake ni maji ya sabuni, spana na siku moja ya Jumapili. Kihisi hakikutengeneza kitu hapo. Kilimnyima kila mtu nafasi ya kusema "hatukujua".

Na mtu asiseme kwamba bwawa la umeme la Karuma limemaliza matatizo. Megawati 600 zilizozinduliwa Septemba 2024 ni za kuzalisha. Nguzo, transfoma na laini zinazofika kiwandani kwako ni habari nyingine.

Kihisi cha mtetemo kinajuaje kwamba beringi itakufa?

Beringi haifi ghafla. Kwanza inapata ufa mdogo usioonekana. Kila gololi inapopita hapo inagonga, na mgongano huo una mdundo wake unaotegemea kasi ya mota na ukubwa wa beringi. Sikio la fundi mzoefu linaweza kuusikia mwishoni. Kihisi kinausikia mapema zaidi, wiki au miezi kabla, kutegemea mashine.

Chukua feni ya boila. Kihisi kimefungwa kwa skrubu kwenye nyumba ya beringi, upande wa mota. (Sumaku inatosha kwa majaribio, lakini kwa kazi ya kudumu tunataka skrubu.) Siku za kawaida kinasoma milimita 2 kwa sekunde. Wiki hii kimefika 3, jana 3.8. Kwa mota za ukubwa wa kati zilizofungwa kwenye msingi mgumu, kiwango cha ISO 10816-3 kiliweka 4.5 kuwa mpaka wa hatari. Hakuna moshi wala harufu bado, na ukiweka mkono unaona ni kama siku zote.

Mazungumzo yanayofuata karibu kila fundi wa Jinja anayafahamu:

"Mzee, hii feni inataka kufunguliwa kesho asubuhi."

"Fundi, si inazunguka? Oda ya Juba inaondoka Ijumaa. Iache imalize."

Kabla ya vihisi, mazungumzo yaliishia hapo, na mzee ndiye aliyeshinda. Sasa fundi anatoa simu na kuonyesha mstari unaopanda. Mzee bado anaweza kukataa, ni haki yake, lakini sasa anajua anachokataa: saa tatu za kubadilisha beringi kesho, au siku mbili za kutafuta feni nzima Kampala wiki ijayo. Mara nyingi watakubaliana Jumamosi usiku, na watapunguza kasi mpaka hapo. Huo ndio mpango mzuri, na unawezekana kwa sababu kuna namba iliyosemwa mapema.

Mashine zetu ni za zamani sana. Zitakubali?

Zitakubali vizuri kuliko unavyodhani. Mota ya mwaka 1975 inatetemeka na kupata joto sawasawa na ya mwaka jana. Mtetemo, joto, mkondo wa umeme, mgandamizo na hesabu ya vipande vinavyopita vyote vinapimwa kutoka nje, bila kugusa udhibiti wa mashine.

Panapohitajika kusoma PLC ya zamani, tahadhari. Nyingi za zamani zinatunza programu kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ndogo. Betri ikiisha na umeme ukakatika, programu imekwenda, na aliyeiandika alirudi India au Italia miaka mingi iliyopita. Kabla ya mtu yeyote kuchomeka waya, nakili programu hiyo, iweke sehemu mbili, na ubadilishe betri mashine ikiwa imewashwa, kwa kufuata kitabu chake. Hata kama hutaendelea na mambo ya mtandao kabisa, kazi hiyo peke yake ifanye mwezi huu.

Intaneti ikikatika, kiwanda kinasimama?

Kikisimama, aliyekifungia mfumo alikosea. Udhibiti wa mashine lazima ubaki kwenye mashine. Mtandao unabeba habari, haubebi breki.

Hili kwetu si la nadharia. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurudi mpaka tarehe 18. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na sisi tusio na bahari tukahisi pamoja na jirani zetu wa pwani. Mtu aliyekuwa na seva Ulaya siku hizo alikuwa na dashibodi inayozunguka tu.

Kwa hiyo tunaweka kompyuta ndogo ndani ya kiwanda inayohifadhi vipimo vyote, inayoonyesha grafu kwenye mtandao wa ndani, na inayolia king'ora bila kuomba ruhusa ya nje. Mawasiliano yakirudi inapeleka yaliyorundikana. Ukitaka nakala nje ya kiwanda lakini ndani ya nchi, sasa vipo vituo vya data hapa hapa. Raxio iko Namanve.

Jambo dogo linalosahaulika: saa. Kifaa kisicho na betri ya saa kikizimika na kuwaka bila mtandao kinaweza kuamini tuko mwaka 1970. Tumeona grafu zenye nusu ya vipimo vya enzi ya Obote.

Data itakula pesa kiasi gani?

Inategemea unatuma nini. Ujumbe wa baiti 100 kila dakika ni takriban megabaiti 4 kwa mwezi, yaani karibu na bure. Lakini mtetemo ghafi, unaopimwa mara 10,000 kwa sekunde, ni zaidi ya gigabaiti 1.7 kwa siku kwa kihisi kimoja. Kwa bei za vifurushi vyetu, na ile kodi ya asilimia 12 juu ya data iliyowekwa Julai 2021, hilo halikubaliki.

Suluhisho ni hesabu kufanyika palepale. Kihisi au kompyuta ya kiwandani inachambua, inatuma namba tano au sita, na inahifadhi mtetemo ghafi wa pale tu panapotokea jambo. Itifaki ya MQTT, yaani kanuni za kutumiana ujumbe ambazo wengi tunazitumia, ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakiwasiliana kwa setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa pesa. Inatufaa.

Wi-Fi, laini ya simu au LoRa?

Ndani ya jengo moja lenye umeme karibu: waya kwanza, Wi-Fi baadaye. Mabati na mota kubwa hazipendani na Wi-Fi. Kwa mashamba ya miwa, pampu za mbali na matangi yaliyotawanyika, LoRa, redio ya masafa marefu, inafika kilomita kadhaa kwa betri inayodumu miaka, mradi unatuma kidogo. Kwa kituo kimoja cha mbali, laini ya simu. Weka ya mitandao miwili kama biashara inategemea. Vifaa vyenye redio vinatakiwa viwe na idhini ya UCC, tume ya mawasiliano, kwa hiyo muulize muuzaji kabla mzigo haujafika mpakani Malaba.

Radi je?

Swali zuri, na wauzaji wa nje hawaliulizi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani; Tororo imetajwa kwa miaka mingi katika takwimu za hali ya hewa kuwa na siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Waya mrefu wa mawasiliano kutoka jengo moja hadi jingine ni mwaliko. Kati ya majengo tumia nyuzi za kioo au redio. Ndani, weka vizuia radi kwenye umeme na kwenye nyaya za mawasiliano pia, na upime ardhi ya kiwanda, yaani njia ya umeme kushuka udongoni, kwa kifaa, si kwa macho. Fimbo ya shaba iliyozikwa na babu kwenye udongo uliokauka si ardhi.

Ongeza UPS ndogo kwa kompyuta ya kukusanyia data. Inakula umeme kidogo sana, na hakuna kinachoua kadi za kumbukumbu kama kuzimika mara sita kwa siku.

Wahalifu wa mtandaoni wanataka nini kwenye kiwanda cha sabuni?

Mara nyingi hawakutafuti wewe. Programu zao zinazunguka intaneti nzima zikijaribu maneno ya siri ya kiwandani, "admin" na "1234", na kuingia popote palipo wazi. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana kwa njia hiyo. Wanaotafuta fidia ni kundi jingine: Machi 2019 kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro ya Norway ilifungiwa kompyuta zake, na baadhi ya viwanda vikarudi kufanya kazi kwa mikono na karatasi.

Kumbuka kwamba Modbus haina neno la siri kabisa. Anayeifikia anaweza kuandika, si kusoma tu. Kwa hiyo mashine zikae kwenye mtandao wake, tofauti na ule wa ofisi na tofauti kabisa na Wi-Fi ya wageni. Usifungue mlango wa PLC moja kwa moja kwenye intaneti ili mkandarasi aingie kirahisi; atumie VPN, njia iliyofungwa ya kupita mtandaoni, na iwashwe anapoihitaji tu. Fundi akiacha kazi, neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo. Na kitufe cha dharura kiwe cha waya, daima. Hakuna mjadala hapo.

Wafanyakazi watafukuzwa?

Kuna kazi zitakazopungua, na ni uongo kusema vinginevyo. Mtu ambaye kazi yake yote ni kuzunguka na daftari akiandika joto la majokofu kila saa hatabaki na kazi hiyo. Anayejua kwa nini jokofu la tatu hupanda joto kila saa tisa alasiri atabaki, na atahitajika zaidi. Viwanda vyenye akili humchukua yuleyule wa daftari na kumfundisha, kwa kuwa anaijua mashine kuliko kijana mpya mwenye cheti.

Hofu ya pili ni ya kuchunguzwa, na ina msingi. Ukipima mashine, umepima mashine. Ukianza kupima mtu, nani amekwenda chooni na kwa dakika ngapi, uko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, yenye masharti ya kujisajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data na kuwaeleza watu unachokusanya na kwa nini. Zaidi ya sheria, watu wanaojiona wanawindwa hufunika vihisi kwa gunia. Waambie mapema, kwa lugha wanayoizungumza kwenye zamu, na uwaonyeshe grafu zilezile unazoziona wewe.

Vivyo hivyo kwa ujumbe wa tahadhari. "Error 47" haimsaidii mtu saa tisa usiku. Andika: "Feni ya boila 2, mtetemo 4.6, kawaida 2. Kagua beringi upande wa mota. Mpigie fundi wa zamu."

Na akili mnemba?

Baadaye. Inahitaji kumbukumbu ya mashine ikiwa nzima na ikiwa inaharibika, na viwanda vingi havina hata ya kwanza. Kiwango cha juu na cha chini kilichowekwa kwa busara hushika matatizo mengi mwaka wa kwanza.

Mimi nina kituo cha kukusanya maziwa tu, si kiwanda. Yananihusu?

Yanakuhusu sana. Maziwa yanatakiwa yashushwe hadi nyuzi 4 na kubaki hapo. Umeme ukikatika Kiruhura saa tano usiku na jenereta isiwake, asubuhi una tangi la hasara na wafugaji getini wanaotaka malipo yao. Kihisi kimoja cha joto, kingine cha kujua kama kuna umeme, laini ya simu, na SMS kwa watu wawili. Mfumo mzima unaenea kwenye kisanduku cha ukubwa wa tofali.

Weka kihisi ndani ya maziwa au kwenye ala yake ya tangi, si hewani. Na upime kikorogeo cha tangi pia, maana tangi lisilokorogwa linaweza kusoma nyuzi 4 chini na 9 juu, na hapo utakuwa umelala kwa amani isiyo yako.

Kwa wenye samaki wa kugandisha wa kuuza Ulaya, kumbukumbu ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni sehemu ya karatasi za kuuzia, kwa hiyo kifaa kinachoandika chenyewe kinalipa gharama yake siku ya ukaguzi.

Bomba la mafuta la Hoima litaleta chochote kwa mafundi wa hapa?

Bomba hilo, EACOP, ni kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Chongoleani, Tanga, na mafuta yake yana nta, kwa hiyo bomba linapashwa joto njia nzima na kufuatiliwa kwa nyuzi za kioo na vihisi. Anayejua kusoma na kutunza vifaa hivyo, na anayeweza kuelewana kwa Kiswahili na wenzake wa upande wa Tanzania, ana nafasi. Misingi ni ileile ya feni ya boila.

Mafundi wa kazi hii wanapatikana wapi?

Makerere, Kyambogo na Busitema wanatoa wahandisi. Vyuo vya ufundi kama Nakawa na Elgon vinatoa mikono. Taasisi ya utafiti wa viwanda, UIRI, ina kituo cha mafunzo ya mitambo Namanve. Pengo kubwa tunaloliona ni la mtu anayesimama katikati: fundi umeme anaogopa kompyuta, na kijana wa kompyuta hajawahi kufungua kontakta. Ukimpata mmoja anayefanya vyote, mlipe vizuri, maana jirani yako wa Namanve anamtafuta pia.

Mkandarasi amemaliza. Nidai nini kabla sijamlipa?

Maneno yote ya siri, yakiwa kwenye karatasi, kwa jina la kampuni yako na si barua pepe yake binafsi. Programu za PLC na za kompyuta ya kukusanyia data. Michoro ya nyaya inayofanana na nyaya zilizopo ukutani. Haki ya kutoa data zako kwenye mfumo wake kwa faili la kawaida siku mkiachana. Wakandarasi wengi hapa hukohoa. Laini za simu ziwe zimesajiliwa kwa kampuni, la sivyo siku zikifungwa utabaki unamtafuta aliyezisajili.

Kisha fanya jaribio mbele yake. Chomoa intaneti. Subiri nusu saa mashine zikiendelea. Zima umeme wa kompyuta ya kukusanyia data bila kumwonya, uwashe tena. Rudisha intaneti. Fungua grafu na utafute ile nusu saa. Kama haipo, bakiza sehemu ya malipo mpaka ionekane.